Nani Alibisha Hodi Kule Juu

Kokoa inayovundikwa hainukii chokoleti. Nalisema hili mapema kwa faida ya wenzangu wa rika langu waliokulia mijini, ambao hufika Kyela wakitazamia kunusa peremende, wakapokewa na harufu ya siki, ya togwa iliyopitiliza, na ya kitu cha tatu ambacho watu wenye adabu hawakitaji. Mwezi uliopita harufu hiyo ilinikuta mlangoni mwa ghala moja karibu na stendi, nikiwa na miwani ya kusomea kichwani na viatu visivyojua matope. Nilisimama nikavuta pumzi kwa nguvu, hadi mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, namkumbuka shangazi yangu alivyokuwa akitumbukia migombani. Akasogea kunipisha, bila kuniuliza la pili.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafundisha vijana wa chuo uhusiano wa mataifa. Nina michoro, nina mishale inayotoka duara hili kwenda duara lile, na nina wanafunzi wanaosinzia macho yakiwa wazi. Sijawahi kuwaambia kwamba karibu yote ninayoyajua kuhusu mabalozi, itifaki na kuvunjika kwa uhusiano niliyaona kijijini Ngana, hukohuko Kyela, kwenye shamba la babu, nikiwa mtoto wa kung'oka meno, mwaka ule Wamarekani na Warusi walipokutana angani wakapeana mikono. Vitabu vinasema tukio lile lilipunguza uhasama duniani. Huenda. Kwetu lilikaribia kumkosesha shangazi Tusa mume.

Nilikuwa nalelewa na babu na bibi, kwa sababu wazazi wangu walikuwa walimu na serikali iliwahamisha kila walipomaliza kupaka nyumba chokaa. Babu alikuwa na mpunga bondeni, migomba na kokoa nyuma ya nyumba, na redio. Mpunga, migomba na kokoa kila mtu alikuwa navyo. Redio ilikuwa yetu peke yetu, nayo ndiyo iliyomleta Mzee Mwalwisi kila jioni. Huyu alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kusoma matangazo ya ndoa. Alikuja na kigoda chake mwenyewe, akaketi na babu uwanjani, akala alichokikuta, akasikiliza habari, kisha wawili hao wakaieleza dunia upya kwa namna waliyoona inafaa zaidi.

Walijiona wana haki ya kuieleza, maana kila mmoja alikuwa na mtu wake huko. Baba yangu mdogo alikuwa Urusi akisomea kilimo cha umwagiliaji. Kijana wa kwanza wa Mzee Mwalwisi alikuwa Marekani akisomea uchungaji. Hawakuwahi kutuma chochote zaidi ya picha zao wakiwa ndani ya makoti, lakini ilitosha. Babu akawa Mrusi, Mzee Mwalwisi akawa Mmarekani. Kijiji kizima kiliwaita hivyo, nao waliitika. Mvua ikikatika mapema, babu alieleza Warusi wangefanya nini. Mashine ya kukoboa ikiharibika, Mzee Mwalwisi alisikitika kwamba fundi hakuwa Mmarekani. Bibi, aliyekuwa akiwapikia wote wawili, alisikia redioni kwamba nchi yetu haifungamani na upande wowote. Akalipenda neno hilo, akatangaza kwamba jiko lake nalo halifungamani.

Pamoja na hayo walipendana, hadi wakakubali kuwa ndugu kwa ndoa. Ambakisye, kijana mdogo wa Mzee Mwalwisi, alimposa shangazi Tusa, kitinda mimba wa babu. Mshenga akaja, akaondoka, akaja tena, na ng'ombe wa kwanza akavuka mfereji kuja kwetu, akaanza mara moja kula migomba ya bibi. Kuanzia siku hiyo shangazi akawa anamkwepa Mzee Mwalwisi.

Wasomaji wa kwetu wanajua, wengine niwaeleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani zile, binti akishachumbiwa, baba mkwe hapaswi kumwona, wala yeye hapaswi kumtazama. Hawapeani mkono, hawapishani njiani, hawaketi pamoja. Mkwe akitokea, binti anaiacha njia, anachutama majanini, anajifunika uso mpaka apite. Mkwe mwenye adabu naye hukohoa tangu mbali ili kumpa binti nafasi, na akimkuta kwa ghafla humgeuzia mgongo. Wachungaji waliikemea mila hiyo kanisani, kisha wakarudi nyumbani ambako wake za wana wao walikuwa wameshajificha. Wala haikuishia kwa baba mkwe mmoja. Ndugu zake wa kiume nao ni wakwe, na wa ukoo vilevile, kiasi kwamba binti aliyeolewa katika ukoo mkubwa aliweza kumaliza siku nzima ya soko akiwa amechutama. Kwetu, Mzee Mwalwisi alipokuja kusikiliza redio, shangazi alijifungia jikoni, na sahani ya mkwe niliibeba mimi.

"Akikuona itakuwaje?" nilimuuliza shangazi.

"Yataharibika yote," alisema. "Hakuna harusi."

Nililiweka hilo moyoni, kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa gauni la harusi, la kwanza maishani mwangu ambalo lisingekuwa limevaliwa na mtu mwingine kabla yangu.

Ugomvi ulianza kwa habari njema. Redio ilisema Wamarekani na Warusi, walioshindana miaka yote nani afike wapi kwanza, sasa wamekubaliana kurusha vyombo viwili, vikutane juu, viunganishwe, watu watoke upande mmoja waingie wa pili wasalimiane. Viongozi wa mataifa, alisema mtangazaji, wameipokea habari hiyo kwa furaha. Babu na Mzee Mwalwisi nao waliipokea kwa furaha, kwa muda wa kumaliza ndizi moja. Kisha Mzee Mwalwisi akauliza, kama mtu anayeuliza tu, ni nani kati yao atakayebisha hodi.

Kwa mtu wa Ngana hilo si swali dogo. Anayebisha hodi ni mgeni. Anayesema karibu ndiye mwenye nyumba, ndiye anayeonyesha mahali pa kukaa, na ndiye anayeamua chakula kiletwe lini. Watu wawili hawawezi kukutana mlangoni wote wakawa wenye nyumba. Babu alisema jambo liko wazi: redio imesema Mrusi ataondoka kwanza, kwa hiyo atakuwa ameshafika, ameketi, labda ameshawasha moto, na anayemkuta mwenzake ameketi ndiye mgeni. Mzee Mwalwisi alisema hapana, redio hiyohiyo imesema Mmarekani ndiye anayebeba chumba cha katikati cha kuunganishia vyombo. Mwenye kujenga baraza na mlango ndiye mwenye nyumba, na Mrusi akitaka kuingia abishe hodi kama watu wengine. Babu akasema hajawahi kuona mtu anayetembea na baraza. Mzee Mwalwisi akasema ni mengi ambayo babu hajawahi kuyaona.

Walikwenda hivyo jioni kadhaa. Bibi alijaribu kuwapa pilipili nyingi ili midomo ipate kazi nyingine. Haikusaidia. Jioni moja babu alirudi kutoka kuvuna mpunga akiwa amechoka, mgongo ukimuuma, akasema neno ambalo nadhani alitamani kulirudisha likiwa bado mdomoni.

"Mgeni namjua mimi," alisema. "Mgeni ni yule anayekuja kila jioni na kigoda bila chakula."

Bibi aliacha kupepeta. Mzee Mwalwisi alikirudisha sahanini kipande cha ndizi kilichokuwa mkononi mwake, akakifuta kigoda chake, akakiweka kwapani.

"Basi mgeni anaondoka, Bwana," alisema. "Na ng'ombe wangu atanifuata."

Miaka ile watu waliitana Ndugu. Kumwita jirani yako Bwana kulikuwa kama kumfukuza nchini. Babu alijibu kwamba ng'ombe mwenyewe anakula kuliko mwenye ng'ombe, na hapohapo uhusiano wa kibalozi kati ya nyumba mbili ukavunjika. Mshenga aliposikia anatafutwa aje kusuluhisha, alishikwa na malaria, na malaria hiyo ilimrudia kila alipotafutwa.

Hapo likazuka suala ambalo hakuna aliyelitazamia. Ng'ombe alikuwa bado kwetu, maana babu alitaka aje achukuliwe na Mzee Mwalwisi alitaka aletwe. Je, shangazi Tusa alikuwa bado mchumba wa mtu? Jibu halikuwa vinywani mwa wazee, lilikuwa njiani. Kama Tusa akikutana na Mzee Mwalwisi akasimama wima na kumwamkia kama mtu mwingine yeyote, posa imekufa. Kama akijificha, posa ni hai. Nimesoma mikataba mingi tangu wakati huo, na sijaona nchi inayoitambua nchi nyingine kwa njia iliyo wazi kuliko hiyo.

Shangazi alijificha. Asubuhi ya kwanza baada ya ugomvi, mbele ya wanawake waliotoka kuchota maji, Mzee Mwalwisi alitokea konani, na shangazi akatumbukia migombani na ndoo yake kichwani. Habari ilifika sokoni kabla maji hayajamalizika kumwagika. Jioni babu alimwita akamwambia kwamba kuanzia kesho atasimama, atamwamkia yule Bwana, atapita. Shangazi alipiga magoti akasema, "Ndiyo, baba," kwa unyenyekevu ulioniliza. Kesho yake akaingia kwenye jaruba la mpunga hadi magotini. Babu akabadili mbinu, akampa kazi ya kupepeta mpunga pale penye uwanja mtupu kando ya njia, pasipo mgomba wala kichaka. Mzee Mwalwisi alipotokea, shangazi alichutama palepale akajifunika uso kwa ungo, mpunga wote ukamwagika, na kuku wa kijiji kizima wakawa upande wetu.

Mzee Mwalwisi naye hakuwa na raha. Akikohoa tangu mbali, amekiri kwamba ana mkwe. Asipokohoa, atamkuta binti wa watu uso kwa uso, jambo ambalo hakuliweza hata kwa hasira. Alijaribu kupita bila kukohoa, akawa anapita akiwa amefumba mdomo na machozi yakimlenga, kama mtu aliyepaliwa. Mwishowe akaanza kupita njia ya mbali, nyuma ya mashamba yote, na watu wakasema Mmarekani ameanza kuizunguka dunia kabla ya wakati.

Mimi nilikuwa na kazi yangu katika vita hivyo. Nilikaa juu ya kichuguu mwanzoni mwa njia, na nikimwona mzee anakuja nilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na kuku, kwamba Mmarekani anapita. Shangazi akatoweka. Niliifanya kazi hiyo kwa bidii, na ndiyo iliyonivuruga akili. Redio ilikuwa ikisema kwamba Wamarekani watatu watapita juu, wakiizunguka dunia tena na tena huku wakiitazama yote kutoka juu. Hesabu za ukoo nilizijua vizuri kuliko za shule. Mzee Mwalwisi ni Mmarekani. Mzee Mwalwisi ni mkwe. Ndugu za mkwe ni wakwe. Warusi hawakunitia wasiwasi, hao walikuwa watu wetu. Lakini huko juu kungekuwa na wakwe watatu wa shangazi Tusa, wasiokohoa, wasiotumia njia, wanaoweza kutokea popote, na mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa akichota maji uso wazi, anatazama mawingu, anaimba.

Nilimwonya. Nilimwambia awe anapita chini ya migomba tu. Akaniambia niende nikacheze. Nikaanza kumfuata na ungo, nikiunyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, nimesimama kwa ncha za vidole. Alidhani namkinga jua. "Ndaga, mwanangu," alinishukuru, akaendelea kuliacha gauni langu hatarini.

Wiki ile vyombo viliporuka, redio ya babu ilizimika. Betri, ambazo sisi tuliziita mawe, zilikuwa zimekwisha nguvu. Bibi alizianika juani kwenye paa la jiko kama kawaida, zikatupatia sauti ya mtu aliyefungiwa ndani ya mtungi, kisha kimya. Dukani hazikuwepo, miaka ile dukani alikuwepo mwenye duka tu. Aliyekuwa na betri mpya ni Mzee Mwalwisi, aliyezinunua Kyela mjini kwa ajili ya tochi yake. Ili tusiwe na shaka juu ya jambo hilo, alianza kutembea mchana kweupe na tochi ikiwaka. Babu, kumjibu, alikwenda shambani na redio kwapani, bubu, antena imevutwa hadi mwisho.

Kwa hiyo jambo kubwa kuliko yote waliyowahi kuyajadili lilikuwa likitendeka, mmoja akiwa na sanduku lisilosema na mwingine akiwa na nguvu zisizokuwa na pa kuingia. Babu hakula vizuri. Niliambiwa Mzee Mwalwisi aliamka usiku kumuuliza mkewe kama haiwezekani kusikiliza tochi.

Wanawake ndio waliomaliza mkwamo huo. Bibi na mama yake Ambakisye hawakuwa wameacha hata siku moja kupitishiana chumvi juu ya mfereji, ugomvi au la. Walikaa chini ya minyaa, wakamenya ndizi huku wakicheka, na walipoinuka makubaliano yalikuwa tayari. Redio itafika kwenye gogo lililokuwa daraja la mfereji, isiende mbele zaidi. Betri zitafika hapohapo kutoka upande wa pili. Ambakisye atazitia. Hakuna atakayevuka, kwa hiyo hakuna atakayekuwa mgeni. Babu alipoelezwa alisema anakubali kwa sababu ya redio. Mzee Mwalwisi alisema anakubali kwa sababu ya betri.

Jioni ya siku hiyo kijiji kilikuwa kwenye kingo zote mbili za mfereji, kila mtu upande ambao kokoa yake au mpunga wake ulimwelekeza, na wasio na upande wakiwa wamesimama majini. Babu aliketi kwetu akitazama kwao. Mzee Mwalwisi aliketi kwao akitazama kwetu. Ambakisye alisimama juu ya gogo, mguu mmoja huku, mwingine kule, jasho likimtoka kama anayefanya upasuaji, akazitia betri moja moja. Alikuwa kijana mpole mno, wa kumsikitikia baba na kumsikitikia baba mkwe, na wiki zote zile hakuwa amefungua mdomo. Redio ikakoroma, ikasema.

Ilikuwa tayari. Vyombo vilikuwa vimekutana, mlango umefunguliwa, wamepeana mikono. Kila mmoja alizungumza lugha ya mwenzake, alisema mtangazaji, Mmarekani Kirusi, na Mrusi Kiingereza. Walipeana bendera, wakala pamoja. Wakuu wa nchi zote mbili wametuma pongezi, na mataifa mengine yanaendelea kutuma. Kisha mtangazaji akaingia kwenye bei ya pamba.

Watu walingoja. 

"Hajasema," alisema babu, akiitazama redio.

"Hajasema," alisema Mzee Mwalwisi.

Yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu jioni ile ya kigoda. Mzee Mwalwisi akaongeza, akiielekea redio pia, kwamba mtu analipwa mshahara kutangaza habari, halafu jambo lenyewe analiacha. Babu akasema mtu huyo aachishwe kazi. Walikuwa wamekubaliana, na wote wawili walionekana kushtuka kwa hilo, wakanyamaza tena, na nadhani wangenyamaza hivyo hadi giza, kila mmoja akabeba chake akarudi kwake.

Lakini mtangazaji alirudi kusema kwamba wanaanga hao wangali juu, wakiendelea kuizunguka dunia hata wakati huu. Hata wakati huu. Niliinua macho. Mbingu ilikuwa wazi kabisa, haina hata kipande cha wingu. Nikageuka kutafuta nyumba, na nikamwona shangazi Tusa akitoka migombani, kwenye uwanja mtupu, uso wazi, kanga yake nzuri mabegani, anakuja wima kuelekea mfereji, hana haraka.

Nilikimbia. Sikumbuki kupiga kelele. Bibi alisema baadaye kwamba nilikwenda kimyakimya kama kicheche. Nilimvaa shangazi miguuni, akaanguka, nami nikaanguka juu yake kwenye matope ya ukingo, nikaivuta kanga nikamfunika kichwa chote, na juu ya kanga nikajilaza mwenyewe kwa usalama zaidi. Alijaribu kuinuka. Nikamkandamiza. Nilikuwa na nguvu za mtu anayetetea gauni.

Nilipoinua jicho, watu wote walikuwa wakitutazama, isipokuwa mmoja. Mzee Mwalwisi alikuwa amesimama. Alikiinua kigoda chake, akakigeuza, akaketi tena, mgongo wake mrefu kwetu na uso kwenye mpunga wake mwenyewe. Kila mtu alielewa maana ya mgongo ule. Mama yake Ambakisye akaweka mkono mdomoni.

"Ndugu," alisema Mzee Mwalwisi, akiuambia mpunga, "umemfundisha vizuri mjukuu wako."

Babu alinitazama. Hakuwa amenifundisha kitu chochote, na wote wawili tulijua. Alikuwa na nafasi ya kusema hivyo. Nilimwona anaifikiria. Nikaona pia macho yakihamia kwa shangazi, aliyekuwa rundo la matope chini yangu, ameacha kujitutumua, ametulia kabisa, anasikiliza.

"Nyumba yangu haijawahi kukosa adabu," alisema babu mwishowe.

"Nani kasema imekosa? Nauliza ng'ombe tu."

"Anakula, Ndugu. Anakula sana. Nenda mwenyewe ukamwone, kama huamini."

Mzee Mwalwisi aliuliza, mgongo bado umegeuka, kama njia ni salama. Bibi alitutoa pale mimi na shangazi kwa kutuburuta, na njia ikawa salama. Mzee akavuka gogo. Hakubisha hodi, na babu hakusema karibu. Walikwenda kumtazama ng'ombe, wakamsifu kwa muda mrefu kuliko alivyostahili, na waliporudi bibi alikuwa ameshaweka sahani moja kati yao.

Harusi ilifanyika baada ya mpunga kuuzwa. Gauni lilikuwa la njano, kubwa kwangu kwa makusudi, ili nikue nalo. Babu aliishi miaka mingi akisifiwa kwa hekima ya jioni ile, jinsi alivyomtuma mtoto afanye yale ambayo mtu mzima asingeweza kuyafanya bila kujishusha, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyokumbuka vizuri zaidi jinsi alivyoupanga mpango wenyewe. Hakuna aliyeniuliza mimi. Mtoto aliyetumwa haulizwi.

Nilirudi nyumbani kutoka masomoni na shahada iliyokuwa ikinifanya nieleze kila kitu kwa kila mtu. Shangazi na Ambakisye walikuwa wameshahamia Kyela mjini, mtaa wa Bondeni, na kufungua duka la mchele. Tuliketi ukumbini, nikamweleza habari za wakwe watatu wa angani na kwa nini nilimtupa matopeni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho, akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama.

"Unadhani siku ile nilikuwa nakwenda wapi?" aliuliza.

Nikasema alikuwa anakuja kusikiliza redio.

"Redio ya nini? Nilikuwa nakwenda kumwamkia mzee. Nimesimama, uso wazi, watu wote waone, kama baba alivyotaka. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Matope kila siku, watu wananicheka, na huyu bwana wangu hata neno moja hakumwambia baba yake. Nikasema leo naimaliza."

 Kutoka chumbani ilisikika sauti ya Ambakisye, ya upole kama zamani, ikiuliza nani kaihamisha kofia yake. Shangazi alijibu kwamba iko pale alipoiweka. Sauti ikasema pale haipo. Shangazi akasema imo nyuma ya mlango, ilipo tangu asubuhi. Sauti ikauliza, mlango upi.

Shangazi alishika magoti akainuka.

"Siku kama hizi," aliniambia, "simkasirikii yeye. Nakukasirikia wewe."